Mvuke wa Saa Nne

Kazini walimwita Mkavu, na jina hilo halikuwa tusi. Kila asubuhi, alipomaliza kuchukua sampuli kwenye bomba kuu, aliinua redio ya mkononi na kusema maneno mawili tu: "Mvuke mkavu." Maana yake ni kwamba mvuke unaokwenda kwenye mtambo hauna matone ya maji ndani yake, na mvuke usio na matone hauna chumvi. Uso wake nao ulichangia. Hakuwa mtu wa kuchekacheka, na alipotania, watu walichelewa kutambua kwamba wametaniwa.

Umeme wa kituo kile ulitoka ardhini. Visima virefu vilitapika mvuke uliochanganyika na maji ya moto yenye madini mengi, na pipa la chuma, refu kama nyumba ya ghorofa, lilitenganisha hivyo viwili. Maji yalirudishwa chini. Mvuke uliingia kwenye bomba nene lililovishwa bati, lililopanda na kushuka mteremko hadi kwenye jengo la tabaini, gurudumu kubwa la mapanga ya chuma ambalo mvuke hulisukuma na kulizungusha. Lakini lile pipa halikuweza kunasa kila tone. Ndiyo maana chini ya bomba, kila liliposhuka, palifungwa mitego ya maji: vifuko vya chuma vyenye vali, vya kukusanya matone yaliyosalia na kuyamwaga nje. Tone lisiponaswa hapo linafika kwenye mapanga, linakauka, linaacha chumvi na silika, yaani madini ya mchanga. Kidogo kidogo mapanga yanaota ukoko mweupe, kama birika la chai kwa ndani.

Kazi ya Mkavu ilikuwa kuuchunguza mvuke huo kabla haujaingia. Aliufungulia koki ndogo, akaupitisha kwenye mrija uliojizungusha ndani ya ndoo ya maji baridi, ukageuka maji, akayakinga kwenye chupa ya plastiki. Ukiisikia hivyo ni kazi rahisi. Ugumu wake ni kwamba chumvi aliyokuwa akiitafuta ilikuwa kidogo kuliko ile iliyo kwenye jasho la kidole chake mwenyewe. Kwa hiyo hakupaka losheni siku za kazi, hakuongea juu ya chupa iliyo wazi, na kifuniko alikishika kwa nje kana kwamba ndani kulikuwa na kidonda. Chupa aliisuuza tena na tena kwa maji yale yale ya mvuke kabla ya kuijaza.

Uangalifu huo aliurithi. Mama yake alikuwa msafishaji wa maabara ya shule ya sekondari, na baada ya masomo binti alimsaidia kuosha vyombo vya kioo. Mama hakujua kemia, ila alijua kwamba maji hutanda sawasawa juu ya kioo safi na hujikunja matone juu ya kioo kichafu. Hakuwahi kutoa hotuba kuhusu jambo hilo. Alitazama chombo, akakirudisha kwenye sinki, akasema, "Suuza tena." Binti alisoma akapata stashahada ya kemia, akaajiriwa kituoni, akaendelea kusuuza. Mama mkwe wake, aliyeishi naye na mumewe, alikuwa akisema vikombe vya nyumba ile vitaisha kwa kuoshwa kabla havijavunjika.

Mumewe alikuwa mkuu wa bomba, yaani msimamizi wa mafundi wanaotunza lile bomba la mvuke, vali zake na mitego yake. Walikutana pale pale kwenye koki. Siku ya kwanza ya Mkavu kazini, koki ilimtemea maji ya moto, akarudi maabara na kifundo cha mkono kimekuwa chekundu. Siku ya pili haikutema, wala ya tatu. Alidhani amejifunza namna ya kuifungua. Wakati huo kulikuwa na fundi mmoja aliyepitapita karibu na pale, ambaye kila asubuhi alipata sababu mpya ya kukaza nati ile ile. Fundi huyo ndiye aliyemwoa mwaka uliofuata.

Miaka ilikwenda hivyo. Ingeweza kuendelea kwenda hivyo kama mtambo usingefunguliwa.

Ulifunguliwa kwa matengenezo ya kawaida. Umeme ulikuwa umepungua pole pole na kila mtu alilaumu visima, kwamba vinachoka. Winchi ikanyanyua kifuniko cha chuma, watu wakasogea kuchungulia. Mapanga ya safu ya kwanza yalikuwa yamevaa ukoko mweupe, mnene kama kucha, na mahali pengine ulikuwa umeziba nafasi kati ya panga na panga. Halafu, mmoja baada ya mwingine, wakageuka kumtazama Mkavu, aliyekuwa amesimama nyuma na helmeti yake mkononi.

Mkemia mkuu, bosi wake, alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia shingoni kwa uzi. Alimwita ofisini mchana huo.

"Kaa. Vipimo vyako vinasema mvuke ni safi. Mapanga yanasema si safi. Mmoja wenu anadanganya."

"Mapanga hayawezi kudanganya, mama."

"Na mimi nimefika hapo hapo."

Mkavu alitazama mikono yake. "Unadhani najazia namba nikiwa nyumbani?"

"Mimi sidhani. Wakubwa ndio wanadhani, na wanakutana mwisho wa mwezi. Wataniuliza, na mimi sina tabia ya kukaa mbele za watu nikikodoa macho. Kama hatujapata jibu, kupima mvuke atapewa mwingine, wewe utapelekwa stoo."

"Kufanya nini stoo?"

"Kuna boliti nyingi kule, dada yangu. Zinahitaji mtu makini."

Mkavu akaanza na vitu alivyovijua. Alijaribu kipimo kwa maji ya chumvi ya kiwango kinachojulikana, aliyoyatengeneza mwenyewe, kikajibu sawa. Akabadilisha chupa, akabadilisha glavu, akabadilisha hata mrija. Akapeleka sampuli kwenye maabara nyingine mjini. Majibu yakarudi: safi. Mkemia mkuu mwenyewe akavaa ovaroli, wakaenda pamoja saa nne asubuhi, akakinga chupa kwa mkono wake. Safi.

Walipofika getini wakirudi, mkemia mkuu akauliza, "Jioni umewahi kuchukua?"

"Mvuke wa jioni si ndio ule ule wa asubuhi?"

"Ndiyo. Sasa kwa nini sisi tunachukua saa nne?"

Mkavu alifikiri. "Kwa sababu gari linapatikana saa nne."

"Mimi ndiye niliyepanga hivyo," alisema mkemia mkuu. "Ni sababu nzuri kwa gari."

Nyumbani, siku zile, mazungumzo yalikuwa ya cheo. Mkuu wa kiwanja chote, visima, bomba na mtambo, alikuwa anastaafu, na kila mtu alijua kwamba nafasi ile inamwangukia mkuu wa bomba. Mama mkwe alishaanza kuwaeleza majirani, kwa sauti ya mtu anayejitahidi kutojisifu. Mume mwenyewe hakuringa. Alipomwona mkewe amekaa na sahani mbele yake bila kula, alimwambia, "Usijitese. Ukoko ule ni wa zamani, kabla hata hujaajiriwa. Watakuelewa tu." Alikuwa akisema hivyo kwa upendo, na kwa kweli aliamini.

Mkavu alikwenda jioni bila kumwambia mtu. Dereva wa maabara alikuwa anaondoka, akamwomba ampitishe.

Jambo la kwanza aliloliona ni kwamba hakukuwa na kitu cha kuona. Kila asubuhi, katika miaka yake yote pale, bomba lilikuwa na nguzo nyeupe za mvuke zilizofuka kwenye kila mtego, moja baada ya nyingine hadi juu ya mteremko. Alizizoea kama mtu anavyozoea miti ya mtaani kwake. Sasa bomba lilikuwa limelala wazi, kimya, kila kitu kikionekana mpaka kwenye visima. Alishuka kwenye gari, akasimama muda akilitazama. Hakuwahi kufika pale jioni hata mara moja.

Fundi mmoja wa kikosi cha mumewe, waliyemwita Spana, alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi akifunga mfuko wake wa vifaa.

"Shemeji, umepotea?"

"Nimekuja kuchukua chupa moja."

"Saa hizi? Na mkuu hajatuambia kitu. Ngoja basi tukufungulie."

"Mnifungulie nini?"

Spana alicheka, kwa sababu ukiwa na Mkavu hujui lini anatania. "Mitego. Kwani kila siku huwa tunakufungulia nini, shemeji, mlango wa gari?"

Mkavu hakucheka. "Na mnaifunga saa ngapi?"

"Ukishasema." Spana aliweka ngumi mdomoni kama redio, akaiga sauti yake, ile ile isiyo na kupanda wala kushuka. "Mvuke mkavu. Hapo tunazunguka tunafunga yote, tunakwenda kunywa chai. Sasa tufanyeje? Ikikaa wazi inakula mvuke, umeme unashuka, wakubwa wanapiga simu. Hata wale wa chumba cha mitambo wanakujua. Mshale wa umeme ukiinama saa nne wanasema, Mkavu huyo anakunywa chai."

Alikuwa amewahi kuusikia utani huo. Miaka mingi alidhani wanamcheka kwa kutembea taratibu kama mtu aliye kwenye chai, na alishajifunza kutabasamu unapotajwa.

Alipofungua koki, ilitema. Spana aliruka nyuma. Mkavu alisogea pembeni, akasubiri itulie, nayo haikutulia. Ilikohoa mvuke na maji, mvuke na maji. Akayapitisha kwenye mrija, akachovya kipimo kidogo cha mfukoni. Namba iliyotokea hakuwahi kuiona kwenye bomba lile. Akafuta kipimo, akarudia. Kisha akasuuza chupa kama kawaida yake, akaijaza, akaifunga.

"Haya, sema basi kwenye redio," alisema Spana, "tujue moja."

"Leo sina la kusema."

Alipofika nyumbani mumewe alikuwa anapiga pasi shati la kwenda nalo kwenye usaili. Mama mkwe alikuwa sebuleni na mlango ulikuwa wazi.

"Spana ameniambia," alisema mume, kabla hajaulizwa.

"Mlianza lini?"

"Kesho yake ya ile siku koki ilipokuunguza." Aligeuza shati, akanyoosha mkono mmoja. "Nilifungua mitego ya karibu, maji yakatoka yote, ukaja, hukuungua. Nikaona nifanye hivyo na kesho yake. Wengine wanapeleka posa na wazee. Mimi nilifungua vali. Sema wewe hukujua."

"Na kuifunga?"

"Kufunga kulikuja baadaye. Zile vali za kujifungua zenyewe zilikufa. Tukaomba vipuri, tukaambiwa tusubiri. Sasa tukiacha wazi, simu: kulikoni umeme umeshuka? Tukifunga, kimya. Ningekuwa na wasiwasi, lakini nani alikuwa anapima? Ni wewe. Na kila siku unasema mkavu. Nikajua kufunga hakuna ubaya."

Mkavu alivuta kiti akakaa. "Mimi nilisema mkavu kwa sababu ulifungua. Wewe ukafunga kwa sababu nilisema mkavu."

Mume aliisimamisha pasi. Ilionekana kwamba hajawahi kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, na sasa yalipowekwa hakujua ayashike wapi.

"Basi nisikilize, mke wangu," alisema baadaye. "Kuanzia kesho mitego haifungwi. Umeme ushuke unavyotaka. Mvuke utakuwa safi kweli kweli, asubuhi na jioni. Hiyo chupa imwage. Ukoko, waseme ni wa zamani. Mimi nikikaa pale juu, vipuri naagiza mwenyewe wiki hiyo hiyo. Hapo nani ameumia?"

Lilikuwa pendekezo zuri, na ubaya wake ulikuwa huo. Mapanga yangesafishwa, mvuke ungekuwa kama unavyotakiwa kuwa, mtu anayelijua bomba kuliko wote angepata kulisimamia.

"Mimi," alisema Mkavu. "Watasema ni mikono yangu."

"Stoo si jela. Nikishakaa sawa nitakurudisha."

"Utanirudisha nikapime nini? Kila nitakaposema namba, mtu atajiuliza kama ni ya kwangu au nimeandaliwa na mume wangu. Hata mimi nitajiuliza."

"Mimi nilikuwa nakusaidia."

"Najua. Umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na hata wewe hukujua kwamba unanipaka."

Kutoka sebuleni, mama mkwe, aliyekuwa amenyamaza kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, alisema, "Mke anamchongea mumewe kwa chupa ya maji. Ndiyo kusoma huko."

"Si maji, mama," alijibu Mkavu. "Ni mvuke."

"Basi afadhali ingekuwa maji. Kumbe ni hewa."

Mume alicheka kidogo, bila kutaka, na kicheko kikaishia njiani. Akachomoa waya wa pasi.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo kesho naipeleka. Nitasema mitego ilifungwa, na nani aliamuru. Nitasema vipuri viliombwa, havikuja. Nitasema na mlivyoanza."

"Hilo la tulivyoanza usiseme."

"Ndilo litakalokusaidia."

"Ndilo linaloniaibisha," alisema mume. "Hayo mengine ni kazi."

Asubuhi Mkavu aliiweka chupa ya jioni mezani kwa mkemia mkuu, na ya asubuhi pembeni yake. Zilikuwa zinafanana, maji maangavu kwenye plastiki, na mtu asiye na kipimo asingejua ipi ni ipi. Alieleza kwa mpangilio. Mkemia mkuu alisikiliza akizungusha uzi wa miwani kwenye kidole, kisha akauliza swali ambalo Mkavu alilitarajia.

"Kama walitaka kuifunga mitego, kwa nini hawakuifunga moja kwa moja? Saa nne ilikuwa na nini?"

"Mazoea tu, mama," alisema Mkavu.

Mkemia mkuu alimtazama kwa muda, akavaa miwani, akaanza kuandika. Hakuuliza tena.

Mkutano wa wakubwa ulikuwa mfupi. Cheo cha mkuu wa kiwanja alipewa mtu kutoka kituo kingine, mpole, aliyependa kuuliza mambo mara mbili. Mume wa Mkavu alibaki mkuu wa bomba, na onyo la maandishi kwenye faili lake. Vipuri vya mitego, vilivyosubiriwa kwa miaka, vilifika kabla ya mwezi uliofuata kuisha, na jambo hilo lilimuuma kuliko onyo. Alivifunga mwenyewe, mtego baada ya mtego, hakumruhusu Spana hata kushika.

Mkavu alibaki maabara. Saa nne ilifutwa. Sasa alikwenda kwenye koki wakati wowote, na dereva alijua safari alipoambiwa awashe gari. Kwenye redio hakusema kitu tena. Majibu yaliandikwa baada ya vipimo vya maabara, na mafundi walikuwa wa mwisho kuyasikia. Jina lake halikubadilika, ingawa kwa muda Spana aliacha kumwita shemeji. Alimwita "dada wa maabara," kwa adabu nyingi mno, mpaka siku moja alipojisahau.

Nyumbani hakuna aliyehama. Mama mkwe alisema aliyokuwa nayo ya kusema, akayasema kwa majirani pia, halafu yakamwishia. Mume hakupaza sauti hata siku moja. Kwa wiki kadhaa alikula haraka na kutoka uani, akakaa huko akitengeneza vitu ambavyo havikuwa vimeharibika. Baadaye alianza kurudi mezani, na hatimaye kukaa mpaka chai ipoe.

Asubuhi moja alikuwa ameinama akifunga kamba za buti, mkewe anavaa ovaroli karibu na mlango. Walikuwa wamezungumza vizuri tangu kuamka, kuhusu paa la jirani.

"Leo mchana utakuwa wapi?" aliuliza, bila kuinua kichwa. "Nikupitie tule pamoja."

Mkavu alisimama na mkono mmoja ndani ya ovaroli. Mchana alikuwa amepanga kwenda kwenye koki. Akisema atakuwa maabara, atakuwa amedanganya. Akisema hayupo, mkuu wa bomba atakuwa ameshajua.

"Siwezi kukwambia," alisema.

Mumewe aliendelea kuinama, kamba mkononi. Ilimchukua muda kidogo.

"Nilisahau," alisema. "Basi jioni."

"Jioni."

Akafunga buti la pili, akachukua helmeti yake, akatangulia kutoka.